Baghban ilikopia filme ya Marekani? Namna ya kulinganisha filme mbili za familia

Mzee anafikia mwisho wa kazi yake. Yeye na bibi yake wamesomesha watoto, na watoto wote sasa ni watu wazima wenye nyumba zao. Wazazi wanawaita, wanawaeleza kwamba hawataweza tena kuishi peke yao. Watoto wanaangaliana. Hakuna anayekubali kuchukua wazazi wote wawili, basi wanawagawanya: baba aende kwa mmoja, mama aende kwa mwingine, mbali na mbali.

Mtu aliyezoea filme za Kihindi atajibu bila kungoja: hiyo ni Baghban, ya Amitabh Bachchan na Hema Malini, iliyotoka Oktoba 2003. Lakini mtu anayependa filme za zamani za Marekani atajibu tofauti. Kwake yeye hiyo ni Make Way for Tomorrow, filme ya rangi nyeusi na nyeupe iliyoongozwa na Leo McCarey mwaka wa 1937. Kati ya filme hizo mbili kuna miaka 66, na wote wawili wanasema ukweli.

Ndiyo sababu swali linarudi kila mara: je, Baghban ilikopia? Ni swali linalogusa watu wa hapa kwetu pia, si wapenzi wa sinema za India peke yao. Vijana wa Goma, Bukavu, Butembo na Bunia wanaotengeneza filme fupi na michezo ya kuigiza wamekulia mbele ya filme za Kihindi na za Nigeria, zingine zikiwa na msimulizi anayezieleza kwa Kiswahili. Wanapotunga hadithi yao, inaingia na mambo waliyoyaona. Siku moja mtu anasimama na kusema: "Hii umekopia." Na mara nyingi hakuna anayejua namna ya kuamua.

Filme ya 1937

Make Way for Tomorrow ilitokana na kitabu cha Josephine Lawrence, The Years Are So Long, na pia mchezo wa kuigiza uliotokana na kitabu hicho. Kwa hiyo McCarey mwenyewe aliazima, lakini kwa njia ya wazi: majina ya wenye kazi hizo yameandikwa ndani ya filme.

Wakati wake unaeleza mengi. Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi iliyoanza 1929. Watu walipoteza kazi, mabenki yakachukua nyumba. Sheria ya pansio kwa wazee ilitiwa saini mwaka wa 1935, lakini malipo ya kwanza ya kila mwezi yalianza 1940. Kwa hiyo watu waliokwenda kuangalia filme hiyo mwaka wa 1937 walikuwa na wazazi ambao hawakuwa na kitu chochote mkononi.

Ndani ya filme, mzee Barkley Cooper hana kazi tena na benki inachukua nyumba yake. Benki ilimpa miezi sita ya kujitayarisha. Yeye alinyamaza, akawaambia watoto wakati siku zimebaki kidogo tu. Ana watoto watano. Mama, Lucy, anapelekwa New York kwa mtoto wao George, baba anapelekwa kwa binti yao Cora.

Kuna sehemu moja ambayo kila anayeijua filme hii ataizungumzia. Bibi ya George anafundisha watu mchezo wa karata nyumbani ili kuongeza makuta. Jioni moja wageni wamejaa, na mama mkwe amekaa katikati yao kwenye kiti chake cha kuyumba ambacho kinalia-lia. Wageni wanakasirika kimya-kimya. Kisha simu inalia: ni bwana yake. Mama hajazoea simu, anaongea kwa sauti kubwa. Anamuuliza kama anavaa nguo za joto, anamwambia asitoke kwenye baridi. Wageni wanaacha karata. Hakuna anayecheka tena. Sauti ya mzee haisikiki hata kidogo. Tunamsikia mama peke yake, na inatosha.

Upande wa baba, anapata rafiki mmoja, mzee mwenye duka anayeitwa Rubens. Baba anamletea barua ya mama ili amsomee. Rubens anaanza kusoma, anafika mahali maneno yanakuwa ya ndani sana kati ya mtu na bibi yake, na anashindwa kuendelea.

Mwisho wake ni mgumu. Wazee wanakutana New York kwa masaa machache tu, kabla baba hajapanda treni kwenda California kwa binti mwingine. Wanatembea, wanaangalia motokari kwenye duka. Muuzaji anafikiri ni matajiri, anawapandisha na kuwazungusha mjini. Anapogundua hawawezi kununua hata gurudumu, hakasiriki. Anajifanya kama alitaka tu kuonyesha motokari yake. Wanafika kwenye hoteli walikolala walipooana miaka 50 nyuma. Wanakunywa, wanacheza dansi kidogo, kisha wanaenda gari ya moshi. Mama anajua kwamba yeye atapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee wanawake. Baba hajui. Treni inaondoka, na filme inakwisha bila mtu yeyote kuwaokoa.

Filme haikuleta makuta. Mwaka huohuo McCarey alitengeneza filme nyingine ya kuchekesha, The Awful Truth, iliyompatia zawadi ya Oscar ya mwongozaji bora. Alipopokea zawadi alishukuru, akaongeza kwamba wamempa kwa filme isiyo yenyewe. Alikuwa anafikiria wazee wake wawili.

Filme ya 2003

Baghban iliongozwa na Ravi Chopra. Hadithi ni ya baba yake, B. R. Chopra, mmoja wa wakubwa wa sinema ya Bombay. Jina lenyewe maana yake ni mtunza bustani: mtu anayepanda, anamwagilia, na kutumaini kwamba siku moja atakaa chini ya kivuli cha miti yake.

Raj Malhotra alifanya kazi ya benki. Alitumia akiba yake yote kwa watoto wake wanne wa kiume. Tena alisomesha yatima mmoja, Alok, anayechezwa na Salman Khan. Raj anapoingia retreti, watoto wanne wanapanga kuwagawanya wazazi: miezi sita huku, miezi sita kule. Pooja, bibi yake, anakwenda upande mmoja, Raj upande mwingine. Wote wanadharauliwa. Raj anapata pahali pa kupumua kwenye mkahawa wa jirani Mgujarati, anayechezwa na Paresh Rawal, na hapo anaanza kuandika maisha yake kwa mashine ya kupiga taipu.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: familia ziko hivyo kila pahali, hakuna aliyeiba. Lakini endelea. Wazee wanasemezana kwa simu, na simu hiyo inakuwa moja ya sehemu kubwa za filme. Mama anaishi pamoja na mjukuu msichana anayetoka na vijana usiku, na matokeo yake yanamfikia bibi. Kwa Lucy Cooper ilikuwa vilevile. Baba ana rafiki mwenye biashara ndogo, mtu wa nje, ambaye anamuelewa kuliko watoto wake. Cooper naye alikuwa na Rubens. Halafu Raj na Pooja wanakutana njiani walipokuwa wanabadilishwa kutoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule, wanaiba muda wao wawili, na wanajikuta mbele ya motokari za kuuza. Muuzaji anafikiri ni wanunuzi. Anawapandisha.

Hapo ndipo mtazamaji aliyeona filme zote mbili anakaa sawa kwenye kiti chake.

Kitu kidogo kinasema zaidi kuliko kitu kikubwa

Wengi wanapolinganisha filme wanaanza na habari yenyewe: wazazi wametupwa na watoto. Hiyo si pa kuanzia. Habari ya wazazi waliotupwa haina mwenyewe. Iko katika hadithi za wazee wetu, iko makanisani, iko mahakamani. Hata sheria ya familia ya Kongo, ile ya mwaka wa 1987, inawalazimisha watoto kuwalisha wazazi wenye shida, na India ilitunga sheria yake kwa ajili ya jambo hilohilo mwaka wa 2007. Kama sheria zimetungwa kwa tatizo fulani, si ajabu watu wawili wakitunga filme juu yake.

Alama ya mkono wa mtu inaonekana pahali pengine: kwenye kitu kidogo ambacho hadithi haikukihitaji. Ili wazee waliotenganishwa waonane tena kwa muda mfupi, wanaweza kukutana kwenye harusi, kwenye kilio, kanisani, sokoni. Kuna njia mia. Kwamba filme zote mbili zinawaleta kwa muuzaji wa motokari anayewadhania kuwa matajiri, hiyo ni vigumu kusema imetokea kwa bahati.

Lakini inafaa pia kuangalia kile kitu kilichoazimwa kinafanya nini nyumbani kwake kupya. Kwa McCarey, muuzaji ni mtu mwema wa dakika tano. Mgeni anawapa wazee heshima ambayo watoto wao hawakuwapa, kisha anapotea. Kwa Chopra, muuzaji anakasirika anapojua hawana makuta, na kelele hiyo ndiyo inayomleta mwenye duka: Alok, yule yatima. Kuanzia hapo filme inageuka kabisa. Alok anawachukua wazee wote wawili nyumbani kwake. Kitabu alichoandika Raj kinatolewa na kinapendwa na watu, Raj anakuwa na jina, na watoto wanne wanarudi kuomba msamaha. Baba na mama wanakataa.

Kukataa huko hakupo kwa McCarey. Hakuna hata wazo lake. Watoto wa Cooper si wabaya kama wale wa Malhotra. George anampenda mama yake na anaona haya. Mama anapogundua kwamba George anataka kumpeleka kwenye nyumba ya wazee, anamtangulia, anamwambia kwamba ni yeye mwenyewe anayetaka kwenda huko, ili mtoto asipate kazi ya kulisema. Filme ya 1937 inamfanya mtazamaji ajiulize kama naye angefanya kama George. Filme ya 2003 inampa watu wanne wa kuwachukia, na mwishoni inawaadhibu mbele ya ukumbi mzima. Hizo ni filme mbili zenye roho tofauti, hata kama mifupa inafanana. Kwa kusema wazi, ile ya zamani ni kali zaidi, juu haimwachii mtazamaji mlango wa kutokea.

Baghban haikuazima ku Marekani peke yake

Wanaoishia kwenye Hollywood wanasahau kwamba India yenyewe ilikuwa imekwisha kupika chakula hiki mara nyingi. Mwaka wa 1958, kusini mwa India, B. R. Panthulu alitengeneza kwa lugha ya Kikannada filme School Master. Mwalimu mzee anaingia retreti, watoto wanamtenganisha na bibi yake, na anayekuja kuwasaidia ni mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni mkubwa wa polisi. Filme hiyo ilitengenezwa tena kwa lugha zingine za India. Ile ya Kitelugu, Badi Panthulu ya 1972, ilichezwa na N. T. Rama Rao, ambaye baadaye akawa mkubwa wa serikali ya jimbo la Andhra Pradesh.

Kwa hiyo Alok ana kaka yake mkubwa. Mtoto asiye wa damu anayewapita watoto wa damu kwa upendo: hakumtoka McCarey, alikuwa tayari amezoeleka ku India. Tena mwaka wa 1983 kulikuwa na Avtaar, ya Rajesh Khanna na Shabana Azmi. Baba fundi anaachwa na watoto wake, anafanya kazi tena mpaka anatajirika, na watoto wanarudi wakiwa na aibu. Mzee aliyeshindwa halafu akashinda, ndiye Raj Malhotra wa nusu ya mwisho.

B. R. Chopra alieleza kwamba wazo la Baghban lilimjia zamani, miaka ya 1960, alipotembelea nyumba ya wazee huko Ulaya. Hakuna sababu ya kumwita mwongo. Mtu anaweza kupata wazo kwa macho yake mwenyewe, kisha anapoandika senario akaingiza vitu alivyoviona kwenye sinema. Hayo mawili hayapingani.

Tribinali inapima namna gani

India ina hukumu moja inayotumiwa mpaka leo katika mambo haya, nayo pia ilihusu hadithi ya familia. Mwandishi R. G. Anand alikuwa na mchezo wa kuigiza, Hum Hindustani, ulioonyeshwa Delhi mwaka wa 1954. Familia mbili za majimbo tofauti ni majirani, watoto wao wanapendana, wazazi wanakataa kwa sababu ya kabila. Mwongozaji Mohan Sehgal aliusikia mchezo huo kutoka kwa mwandishi mwenyewe. Mwaka wa 1956 ikatoka filme New Delhi, yenye familia mbili za majimbo tofauti, watoto wanaopendana, na wazazi wanaokataa. Anand akashtaki.

Kesi ilipanda mpaka tribinali kubwa kabisa ya India, ambayo ilitoa jibu mwaka wa 1978. Majaji walisema kwamba wazo, habari, na mpango wa jumla wa hadithi havina mwenyewe. Kinacholindwa ni namna mtunzi alivyovieleza. Wakatoa kipimo ambacho hata mtu asiye avoka anaweza kukitumia: mtu wa kawaida, aliyeona kazi zote mbili, anatoka akiwa na uhakika kwamba ya pili ni kopi ya ya kwanza? Kama filme imechukua habari ileile lakini imeijenga upya na kuongeza mambo yake, si wizi. New Delhi ilikuwa imeongeza habari ya mahari na ubaguzi wa kupangisha nyumba. Anand alishindwa. Jaji mmoja, R. S. Pathak, alikubali hukumu lakini akaonyesha kwamba moyo wake haukutulia kabisa. Msomaji anaweza kumuelewa: mtu ameketi na wewe, amesikiliza mchezo wako, kisha anatengeneza wake.

Ukiweka Baghban kwenye kipimo hicho, jibu si gumu sana. Mtu wa kawaida aliyeona zote mbili atasema kwamba mtungaji wa pili aliijua ya kwanza. Hatasema kwamba ni filme ileile. Nyimbo, sherehe ya Holi, Alok, kitabu, msamaha uliokataliwa, vyote vinaivuta Baghban mbali. Kwa sheria, imepona. Kwa adabu ya kazi, deni linabaki: yule muuzaji wa motokari alistahili mstari mmoja wa shukrani.

Japani, na somo la kuficha vizuri

Kuna filme nyingine inayotoka kwenye mbegu ileile, na wengi wanaihesabu kati ya filme kubwa kuliko zote duniani: Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, 1953. Kōgo Noda, aliyeandika senario pamoja na Ozu, alikuwa ameona filme ya McCarey. Wazee wawili wanatoka mji mdogo wa Onomichi kutembelea watoto wao Tokyo. Watoto hawana muda. Mmoja ni daktari, mwingine ana saluni ya nywele. Wanawatuma wazee kwenye hoteli ya Atami ambako kelele za vijana zinawakosesha usingizi. Anayewapokea kwa moyo ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani, mtu ambaye hakudaiwa kitu chochote.

Mbegu inaonekana, lakini tafuta kiti kinacholia, simu, ao muuzaji wa motokari: hutapata. Ozu na Noda walichukua uchungu wenyewe wakaupandia katika udongo wao. Hata kutengana kwa wazee si kwa sababu ya watoto. Ni kifo kinachomchukua mama. Ndiyo maana hakuna anayewaita wezi. Na mwaka wa 2013, Yoji Yamada, aliyekuwa kijana studioni wakati Ozu akiwa mkubwa wa kazi, alipotaka kuitengeneza upya, aliiita Tokyo Family na kusema wazi kwamba ni heshima kwa Ozu.

Kwa wanaotengeneza filme hapa Kongo

Sheria ya Kongo juu ya haki za watunzi ni ile ya tarehe 5 Aprili 1986, namba 86-033. Anayetaka kugeuza kazi ya mwingine, kwa mfano kuchukua filme na kuifanya mchezo wa kuigiza wa Kiswahili wenye watu walewale na mambo yaleyale kwa mpango uleule, anahitaji ruhusa ya mwenye kazi. Kubadilisha majina ya watu na kuhamisha hadithi kutoka Bombay kwenda Uvira hakutoshi. Lakini anayechukua habari tu, wazazi waliogawanywa na watoto, halafu akatafuta kwake mwenyewe namna wanavyoishi, wanavyoitana, nani anawapokea na nani anawafunga mlango, huyo hana wa kumuomba ruhusa.

Baghban yenyewe ilitengenezwa tena kwa njia iliyo safi: mwaka wa 2007 ilitoka Ee Bandhana, kwa Kikannada, ikiwa na Vishnuvardhan na Jaya Prada, na kila mtu alijua inatoka wapi. Hadithi ilikuwa imerudi kwenye lugha ileile ya School Master ya 1958. Filme ya McCarey, kwa sheria ya Marekani, bado ina wenyewe mpaka mwisho wa 2032. Tangu tarehe 1 Januari 2033, huko Marekani, mtu yeyote ataweza kuichukua jinsi ilivyo, na muuzaji wa motokari ndani yake.